Uzi maalum: Umemaliza Jumong, ile tamthilia ya Kikorea, na unatafuta inayofanana nayo? Tuelekezane hapa

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Kila wiki naona mtu anaingia humu anauliza "nimemaliza Jumong nipeni nyingine kama hiyo" alafu anamwagiwa majina kwa mkupuo, mara Boys Over Flowers mara Iris mara City Hunter, yaani mtu ndo kwanza katoka Goguryeo, taifa la kale la Korea, na mishale yake mgongoni anapelekwa shule ya watoto wa matajiri Seoul, anaangalia episodi mbili anafuta kwenye flashi anasema Wakorea wameishiwa. Inaniuma kweli mana kuna kazi kubwa nzuri sana zimekaa tu na mtu wa kuzipenda yupo ila hajaelekezwa.

Naomba uzi huu tuende hivi. Ukitaka upewe inayofanana, sema kwanza kilichokushika kwenye ile uliyomaliza ni nini. Jumong yenyewe ina watu wa aina nyingi ndani yake. Kuna alieshikwa na kijana goigoi wa ikulu ambae hata upinde hajui kushika anageuka mtu wa kuanzisha taifa. Kuna alieshikwa na Soseono, yule mwanamke aliyempenda Jumong. Kuna ambae mpaka leo ukimuuliza atakutajia Mo Pal-mo na tanuru lake na ile safari ya kutafuta siri ya kufua panga la chuma lisilovunjika mbele ya panga za Wachina wa Han. Na kuna wa fitina, Daeso na Youngpo, wale wana wa mfalme, na mama yao na yule waziri mkuu. Hawa wote ukiwapa sizoni moja lazima watatu wakutukane.

Mimi nikitafuta naangalia nani kaandika, nani dairekta, na hadithi inaangukia wapi kwenye historia yao. Stelingi namuangalia mwisho kabisa kwasababu stelingi mmoja anaweza kucheza jenerali mwaka huu na mwakani akawa mpishi wa tambi, ila mwandishi ana mkono wake, utaujua tu.

Tuanze na historia. Jumong ilirushwa MBC kuanzia Mei 2006 mpaka Machi 2007, episodi 81. Mwanzo ilipangwa iwe 60, watu wakaipenda sana ikarefushwa, ndo mana katikati kuna eneo mtu anatekwa anaokolewa anatekwa tena na wewe unajiuliza hivi tunaenda mbele au tunazunguka. Vumilia hapo, inarudi kwenye mstari.

Sasa mwaka huo 2006 haikuwa peke yake. China ilikuwa na mradi wa utafiti wa historia ya kaskazini mashariki yake, ulianza 2002, na ndani ya mradi ule Goguryeo ikawekwa kama sehemu ya historia ya China. Wakorea walichukia mno, na stesheni zao kubwa zote tatu zikaingia vitani kwa tamthilia, MBC wakaleta Jumong, SBS wakaleta Yeon Gaesomun episodi 100, KBS wakaleta Dae Jo-yeong episodi 134, zote zimeanza mwaka huohuo. Mwaka uliofuata MBC wakaongeza The Legend. Kwahiyo ukitaka ile roho ya Jumong, ile ya "hii ardhi ni yetu", ianze kuitafuta kwenye mkupuo huu kabla hujaenda kokote.

Ukizipanga zinakuwa stori moja ndefu ya taifa moja kuanzia kuzaliwa mpaka kufa:

Jumong anaanzisha Goguryeo, kimapokeo mwaka 37 kabla ya Kristo. Ukimaliza hapo ingia Kingdom of the Winds, KBS 2008, episodi 36. Huyu ni Muhyul, mjukuu wa Jumong, na anaemcheza ni Song Il-gook yuleyule aliecheza Jumong! Mtoto kazaliwa na utabiri kwamba ataua ndugu zake na wazazi wake na kuiangamiza nchi, baba yake mfalme Yuri anatakiwa amuue, anakulia mafichoni na wachoraji wa kuta za makaburi hajui kama yeye ni mwana wa mfalme. Na Daeso yumo tena, mzee sasa, bado ana kinyongo na ukoo wa Jumong. Ile sura ya Song Il-gook akiwa kimya anaumia, humu inafanya kazi kuliko hata kwenye Jumong.

Alafu The Legend, 2007, episodi 24, Bae Yong-joon anacheza Gwanggaeto aliyetawala kuanzia 391 mpaka 413, mfalme aliyeitanua Goguryeo kuliko wote. Hii ina miungu na uchawi mwingi, kama ulichukia mambo ya kuhani Yeomieul na yule kunguru wa miguu mitatu basi ipite.

Mwisho Dae Jo-yeong. Goguryeo inaanguka 668, watu wanachukuliwa mateka na Tang ya China, na Dae Jo-yeong anahangaika miaka mpaka anasimamisha taifa jipya la Balhae mwaka 698. Kwa alieshikwa na Damul, lile jeshi la Jumong, kukusanya wakimbizi, hakuna nyingine inayofanana na Jumong kuishinda hii. Ni ndefu ndio, ila vita vyake ni vya akili.

Karibuni, kila mtu na kilichomshika.

#2

Uzi umetulia huu. Mkuu mimi ni wa Soseono, sifichi. Yale mapenzi yalinivuruga, mwanamke kajenga nchi na mtu mwisho wa siku anafungasha na watoto wake anaondoka kwa heshima zote. Nipe kitu kinachouma hivyo hivyo ila kiwe na vita, sitaki zile za mapenzi ya mvua na mwamvuli.

#3 (mleta uzi)

Wewe nakupa mbili. Ya kwanza Damo, MBC 2003, episodi 14 tu. Mmoja wa waandishi wawili wa Jumong, Jung Hyung-soo, ndo aliyeiandika hii kabla. Ha Ji-won ni askari mpelelezi mwanamke wa daraja la chini kabisa, bosi wake anampenda toka wakiwa wadogo lakini tabaka haliruhusu, alafu anatumwa akamchunguze kiongozi wa waasi na moyo unagawanyika. Ukiitazama utaona kabisa Soseono alitokea kwenye kalamu gani. Mapanga yapo ya kutosha.

Ya pili Emperor of the Sea, KBS 2004, episodi 51. Jang Bogo, mtoto wa mtumwa, anakuja kuwa bwana wa bahari na biashara kati ya Silla, ufalme mwingine wa Korea, na Tang, mwaka 828 akajenga ngome yake Cheonghaejin kisiwani Wando. Stelingi ni Choi Soo-jong huyohuyo wa Dae Jo-yeong. Lakini kaa chonjo na Yeom Jang, adui yake, mana huyo ni Song Il-gook kabla hajawa Jumong, anampenda mwanamke ambae moyo wake uko kwa Jang Bogo na yale macho ya mtu asiyependwa utayakumbuka. Mimi kuna sehemu nilikuwa namuombea adui ashinde.

Na kama unataka kujua kule kusini alikoenda Soseono na wanae palizaa nini, mwanae Onjo ndo anahesabiwa mwanzilishi wa ufalme wa Baekje. Tafuta King Geunchogo, KBS 2010, episodi 60, ni Baekje ikiwa kwenye nguvu zake karne nyingi baadae.

#4

Hamjambo nyote, mimi niko Mombasa. Mbona mwazungumzia vita tu, sisi tulioshikwa na Dae Jang Geum twakaa wapi? Ile ndiyo ilonitia mimi kwenye mambo haya. Episodi 54, MBC 2003 mpaka 2004, Lee Young-ae. Mtoto yatima aingia jikoni ikulu, afunzwa na Bi Han, na kila chakula chaelezwa, maji gani, mboga ya wapi, kwa nini mfalme asile hiki na kile pamoja, yani nikitoka hapo naingia jikoni kwangu naonja mchuzi kwa adabu. Kisha wakamzulia wakamtupa kisiwa cha Jeju na akarudi daktari. Wallahi nililia Bi Han alipokufa, na mpaka leo Bi Choi simsamehe. Nataka kama hiyo, ya mwanamke anaepanda kwa kazi yake, si kwa uzuri.

#5 (mleta uzi)

Dada karibu sana, hapa umegusa penyewe. Wewe mfuate dairekta. Anaitwa Lee Byung-hoon na ana mtindo wake mmoja ambao amekuwa akiurudia na haumchoshi mtu: mtu wa chini, ana kipaji na moyo safi, anaingia sehemu yenye taaluma yake, iwe jiko, hospitali, biashara au uchoraji, anafundishwa na mwalimu mkali, anazuliwa, anaanguka, anapanda tena kwa ujuzi uleule. Kila taaluma anakufundisha na wewe mtazamaji.

Kabla ya Jang Geum alifanya Hur Jun, 1999, episodi 64, daktari mwenye asili ya chini. Na sasa angalia hii wanangu wa Jumong msiondoke: alieandika Hur Jun ni Choi Wan-kyu, mwandishi mwingine wa Jumong, na aliecheza Hur Jun ni Jun Kwang-ryul, yule mfalme Geumwa. Yaani hapo kambi zetu mbili zinakutana nyumba moja. Dada, hiyo ianze kabla ya zote, ile sehemu ya udaktari wa Jang Geum, sindano na mapigo ya mshipa na ubishi wa dawa, imejaa humu mwanzo mwisho.

Baada yake kuna Dong Yi, 2010, episodi 60, Han Hyo-joo. Binti wa tabaka la chini kabisa, mtumishi kwenye idara ya muziki ikulu, ana kichwa cha mpelelezi. Hii nayo ilipangwa 50 ikaongezwa kumi, utaziona hizo kumi. Lakini mfalme Sukjong wa Ji Jin-hee anapendeza sana, huyo ndo alikuwa yule afisa wa Jang Geum. Alafu ukitoka hapo nenda moja kwa moja Yi San, 2007, episodi 77, na nitakwambia kwanini kwa mpangilio huo: mtoto wa Dong Yi anakuja kuwa mfalme Yeongjo, na Yeongjo ndo babu wa Yi San. Kwahiyo yule mtoto unaemlea na Dong Yi mwishoni, kwenye Yi San unamkuta ni mzee mkali aliyemfungia mwanae mwenyewe Sado kwenye sanduku la mchele mpaka akafa, na hiyo ilitokea kweli mwaka 1762. Nilipounganisha hizo mbili nilikaa kimya muda mrefu sana. Zilitoka kinyume, Yi San kwanza Dong Yi baadae, ila wewe anza na Dong Yi.

#6

Dada wa Mombasa niongezee moja nje ya Korea, Oshin ya Japan, NHK 1983. Episodi 297 usiogope, kila moja ni kama robo saa. Mtoto wa mkulima masikini anapelekwa kazi za ndani akiwa mdogo kwa malipo ya magunia ya mchele, mpaka anakuja kuwa mfanyabiashara mzee mwenye maduka. Ile subira ya Jang Geum yote ipo. Haina ikulu wala mapambo, ni maisha tu.

#7

Mimi naitwa mtu wa fitina, naomba mnitengenezee meza yangu. Mapenzi sitaki, kupika sitaki. Nataka watu wawili wamekaa wanakunywa chai wanatabasamu na kila mmoja ameshapanga kumuua mwenzake.

#8 (mleta uzi)

Hahaha nimekuelewa kabisa. Wewe fuata waandishi wawili, Kim Young-hyun na Park Sang-yeon. Kim Young-hyun ndo aliyeandika Jang Geum, kwahiyo fitina za jikoni zile ni zake. Alivyoungana na mwenzake wakatoa Queen Seondeok, MBC 2009, episodi 62. Kwenye karatasi ni hadithi ya binti wa mfalme wa Silla aliyefichwa akarudi kuwa malkia wa kwanza mtawala, alitawala 632 mpaka 647. Kwenye kioo ni hadithi ya Mishil. Go Hyun-jung aliecheza Mishil alibeba tuzo kuu ya MBC mwaka ule, na ukimuona anavyoinua nyusi moja unajua kuna mtu hatafika asubuhi. Kinachoniua mimi ni kwamba adui anamfundisha stelingi. Seondeok anakuja kumkalia mezani anamuuliza maswali ya utawala na Mishil anamjibu kweli, bila kumdanganya, anamwambia watu wanaogopa nini na wanataka nini. Sijaona tena adui mwenye heshima namna ile.

Kisha hao hao wakatoa Tree with Deep Roots, SBS 2011, episodi 24. Mfalme Sejong anatengeneza herufi za Kikorea, zile alizotangaza 1446, na watu wake wanauliwa mmoja mmoja ndani ya ikulu. Sejong anachezwa na Han Suk-kyu, mfalme anatukana matusi ya uswahilini akikasirika, ana akili na ana uchungu wa baba yake. Kundi la siri la Milbon ndo linapambana nae, na hoja zao si za kijinga, unasikiliza unasema hawa nao wana pointi.

Na 2015 wakarudi nyuma wakatoa Six Flying Dragons, episodi 50, jinsi utawala wa Goryeo ulivyoanguka na ule wa Joseon kuzaliwa 1392. Watu sita, watatu ni wa historia kweli, Yi Seong-gye, Jeong Do-jeon na Yi Bang-won, na watatu wametungwa. Kim Myung-min kama Jeong Do-jeon na Yoo Ah-in kama Bang-won wanaanza mwalimu na mwanafunzi, unawapenda wote wawili, na historia tayari ishakuambia mmoja atamuua mwenzake. Ushauri wangu Six Flying Dragons kwanza kisha Tree with Deep Roots, mana yule mlinzi Mu-hyul utamuona kijana anajifunza panga alafu utamkuta mtu mzima nyuma ya Sejong. Msimchanganye na Muhyul mjukuu wa Jumong, ni majina tu yamefanana.

#9

Huyo wa fitina mpeni pia ya Wachina, Nirvana in Fire, 2015, episodi 54. Hu Ge. Jeshi la watu elfu sabini limesingiziwa uasi likateketezwa, miaka kumi na mbili baadae aliyenusurika anarudi mjini na jina lingine, Mei Changsu, mgonjwa, hawezi hata kushika panga, anapindua kila mtu kwa akili akiwa amejifunika koti la manyoya. Rafiki yake wa damu, yule mwanamfalme, hamtambui na anamdharau anajua ni mpanga fitina tu. Nimeangalia nyingi za kisasi, hii naiweka juu ya zote. Tatizo moja ni majina, episodi tano za mwanzo majina yanakuwa mengi mno na kila mtu ana la utani, andika pembeni.

#10 (mleta uzi)

Naunga mkono kabisa, na kwa wa vita Wachina wana Three Kingdoms ya 2010, episodi 95, Chen Jianbin kama Cao Cao. Mtu wa Damul ataelewana nayo.

#11

Jamani na sisi wa mama mkwe? Mimi mambo ya Asia nilianzia kwa Doudou pale TBC mwaka 2011, imeingizwa sauti za Kiswahili kabisa, "Doudou na Mama Wakwe Zake", nyumba nzima tulikuwa tunakaa sebuleni hata mzee ambae hapendi tamthilia. Mpaka rais wa China Xi Jinping alivyokuja Dar Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake. Nilichopenda ni kwamba Mao Doudou hakuwa malkia wala mpiganaji, ni nesi kaolewa na kijana ambae wazazi wake waliachana kwahiyo akapata mama wakwe wawili, na anajitahidi kumridhisha kila mtu. Nyie mkinipa za mapanga nalala.

#12 (mleta uzi)

Dada hujapotea, hapa ni nyumbani. Kwako napendekeza Reply 1988, tvN, ilianza mwishoni mwa 2015, episodi 20. Familia tano mtaa mmoja Seoul, watoto wamekua pamoja, milango haifungwi, mama akipika mchuzi anatuma mtoto apeleke bakuli kwa jirani na yule mtoto anarudi na bakuli lingine la kitu kingine na kule mtaani wanapishana watoto na mabakuli. Ukikulia uswahilini huhitaji kuelezewa. Ni ndefu kwa episodi, nyingi zinapita saa moja na nusu, lakini hakuna adui, hakuna anaeuliwa, kuna wazazi wanaohangaika na ada na watoto wanaokua. Ile ya baba anaomba radhi kwa mtoto wa kati kwamba hakuzaliwa akijua kuwa baba, angalia na wazazi wako.

#13

Wasee niaje, mi niko Nai. Hizi ngoma zenu ni ndefu mno buda, nani ako na time ya episodi 134. Mi nliwatch Kingdom ile ya zombi nikaisha. Nataka ya hapo, fupi, ikikushika haikuachilii.

#14 (mleta uzi)

Karibu kaka. Kingdom ni Kim Eun-hee ndo kaandika, ilitoka 2019 na 2020, episodi sita sita. Watu wanadhani ukitaka kama Kingdom utafute zombi nyingine, mi nakwambia mtafute mwandishi, ingia Signal, tvN 2016, episodi 16. Hakuna zombi hata mmoja. Polisi wa sasa anaokota redio ya upepo mbovu na upande wa pili anaongea polisi wa zamani, wanasaidiana kutatua kesi zilizoshindikana, na kila wakibadilisha kitu kule nyuma, huku mbele mtu mwingine anakufa. Kilichokushika kwenye Kingdom nadhani ni vile wakubwa wanaficha ukweli na wanyonge ndo wanaliwa, na Signal ni hicho hicho kitupu.

Na ukitaka ubaki kwenye mavazi ya zamani lakini fupi, Chuno, KBS 2010, episodi 24, Jang Hyuk anawinda watumwa waliotoroka huku anamtafuta mtumwa aliyempenda. Wale jamaa wanakimbia, wanapigana, wanacheka, na jua linawaunguza. Kuhusu urefu, zamani hizi za wafalme zilikuwa mara mbili kwa wiki miezi na miezi, saivi wanafanya 12 mpaka 20 basi. Yi San ikikushinda kwa urefu ipo The Red Sleeve, MBC 2021, episodi 17, ni mfalme yuleyule na mwanamke yuleyule, ila safari hii kamera imekaa upande wa mwanamke, na yule mwanamke anajiuliza hivi kupendwa na mfalme ni bahati kweli au ni kifungo.

#15

Mleta uzi unaongea kama za kisasa hazipo. City Hunter, Healer, K2, tuzitupe?

#16 (mleta uzi)

Hapana mkuu, nilichokataa ni kuzirusha kwa mtu asiyeziomba. Tena nikupe kitu, Healer ya KBS, ilianza Desemba 2014, episodi 20, Ji Chang-wook, imeandikwa na Song Ji-na, mwandishi wa The Legend ya Gwanggaeto! Ndo mana Healer ukiiangalia vizuri chini ya ile mikimbio ya juu ya mapaa kuna stori ya kizazi cha wazazi, marafiki watano waliokuwa na redio ya siri enzi za udikteta, na watoto wao wanalipa madeni ambayo hawakukopa. City Hunter ya 2011 ni kisasi cha baba pia, ukipenda moja utapenda nyingine, ila Healer ina moyo mkubwa zaidi kwa maoni yangu. K2 ni ngumi, na ngumi zake ni safi, hadithi ya siasa inalegea mwishoni. Na kama umempenda Ji Chang-wook humo basi kamuangalie Empress Ki, 2013, episodi 51, akiwa mfalme mwoga wa Yuan huko China anaempenda msichana wa Goryeo aliyejifanya mvulana. Historia wameichezea sana, yule Wang Yu ametungwa, lakini Ji Chang-wook kutoka mtoto wa kulialia mpaka mtu wa wivu wa kutisha, hapo alinishangaza.

#17

Swali la kiufundi. Naenda laibrari namwambia kijana nataka hiyo Emperor of the Sea anasema hana, alafu nakuja kuikuta kwake kwa jina lingine. Mnafanyaje? Na ipi bora, ya DJ au sabtaito?

#18 (mleta uzi)

Hilo linasumbua wengi. Emperor of the Sea wengine wanaiita Sea God au Haeshin, The Legend wanaiita Taewangsasingi au The Story of the First King's Four Gods, Jang Geum ni Jewel in the Palace, Chuno ni The Slave Hunters. Dawa yake nenda na jina la stelingi na mwaka, mwambie "Choi Soo-jong 2004, ya baharini", na ukifika hakikisha idadi ya episodi kabla hajaanza kukuingizia, kama ni 51 ziwe 51, mana kuna mahali wanakupa mpaka 40 wanakwambia imeisha.

DJ nawaheshimu sana, bila wao wazazi wetu wengi wasingemjua Jumong, na DJ mzuri anakuchekesha mpaka kwenye msiba. Ila kwa hizi za fitina kama Seondeok na Nirvana in Fire nakushauri sabtaito, mana neno moja ndo kesi nzima, DJ akiliruka humuelewi tena Mishil.

#19

Mimi ni yule #2. Damo nimemaliza. Sina la kusema, nimekaa tu. Nataka kuingia Kingdom of the Winds ila nasikia Yuri humo ni mkatili, mbona kwenye Jumong alikuwa kijana wa huruma? Nisije nikaharibu kumbukumbu yangu.

#20 (mleta uzi)

Pole na hongera kwa Damo. Kingdom of the Winds si muendelezo rasmi, Jumong ni ya MBC na hii ni ya KBS, imetoka kwenye katuni ya kuchora na waandishi ni wengine kabisa, kwahiyo Yuri chukulia ni mtu mpya. Ila si mkatili ukimpa muda. Ni mfalme aliyeambiwa achague kati ya mwanae na nchi, na anavyomuangalia Muhyul kwa mbali bila kumwambia mimi ni baba yako, utamuelewa. Anza leo, episodi za mwanzo ni za taratibu wakati wanajenga pale kwenye mapango ya wachoraji, usiruke hata moja mana mchoro wa ukutani una kazi mbele. Ukifika kwa Yeon, binti wa ukoo wa Daeso, rudi hapa uniambie kama Soseono bado anakuuma.